Usijifanyie kangomba kwenye kununua gari



Minada ya korosho ikianza huku kusini, wauzaji wa pikipiki, bajaji na magari nao huanza kutembelea vijiji. Matangazo yanasema "punguzo la msimu", na mimi simu yangu haitulii: "Bwana shamba, kuna kirikuu imepunguzwa milioni nzima, nichukue?" Jibu langu ni hili: subiri kwanza. Nikikueleza sababu utaona kwamba sikuzuii kununua gari. Nataka ulinunue kwa bei inayostahili.

Kangomba tunaijua sote. Mtu anamfuata mkulima kabla ya msimu, anamkuta hana chakula wala ada ya mtoto, anachukua korosho zake kwa bei ya kutupa. Serikali inaipiga marufuku, nasi maafisa tunaihubiri kila mkutano. Lakini mkulima huyo huyo, pesa za mnada zikiingia kwenye akaunti, anakwenda kununua gari ndani ya wiki moja. Mwenye kangomba alijua una shida. Muuzaji wa gari anajua una pesa na una haraka. Kote kuwili anayepanga bei ni mwenzako.

Wakati wa kununua

Bei ya gari ina msimu kama bei ya mahindi. Novemba na Desemba wanunuzi ni wengi, na muuzaji hana sababu ya kushuka. Hilo "punguzo la milioni" linaweza kuwa milioni iliyopandishwa mwezi uliopita. Nenda Machi au Aprili, mvua zinanyesha, pesa za korosho zimekwisha mifukoni mwa wengi na magari yamejaa yadi. Muuzaji yule yule atakukaribisha kiti. Hapo ndipo mwenye pesa taslimu anapokuwa na sauti.

Najua utaniuliza: mzigo wangu wa Novemba nitaubebaje? Kodi gari kwa msimu huo. Andika kila safari na gharama yake kwenye daftari. Daftari hilo litakuonyesha kama kweli unahitaji gari, na la ukubwa gani. Kirikuu hizi tunazozipenda zimetengenezwa Japani kubeba kilo 350, yaani magunia manne ya kilo 80 na kidogo juu. Kama biashara yako ni magunia 15 kwa safari, utaua springi na injini kabla ya msimu wa pili, na punguzo ulilopewa utampelekea fundi.

Bei ya mwisho ndiyo bei

Usilinganishe bei za matangazo. Linganisha bei ya gari likiwa limesimama mlangoni kwako, lina namba, lina kadi yenye jina lako, lina bima na linatembea. Yadi moja inaweza kutaja bei ndogo kumbe usajili ni juu yako, matairi yamekwisha na betri haishiki chaji. Jumlisha vyote kwenye karatasi moja, kisha ulize yadi tatu. Mbili hazitoshi.

Wanaoagiza wenyewe kutoka Japani nao wana mtego wao. Kwenye tovuti za wauzaji utaona bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Uliza kama hiyo ni bei ya gari likiwa bado huko, au inajumuisha meli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Halafu fungua kikokotoo cha TRA kwenye tovuti yao. Utaweka aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa na ukubwa wa injini, nacho kitakupa kodi. TRA wana thamani zao za kukokotolea, kwa hiyo usitegemee kodi ishuke kwa sababu Mjapani amekupunguzia dola 300. Na umri wa gari una uzito: magari madogo ya kutembelea yakishazidi miaka 8 yanaongezewa ushuru wa uchakavu, na yakizidi 10 unaongezeka tena. Gari la zamani lenye punguzo kubwa linaweza kufika kwako ghali kuliko lililo jipya zaidi. Viwango hubadilika kwenye bajeti, hivyo piga hesabu siku unayotaka kulipa, usitumie hesabu ya jirani ya mwaka juzi.

Punguzo la mkopo

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Tuchukue mfano wa kufundishia. Kirikuu ni shilingi 13,000,000 taslimu. Muuzaji anakwambia: chukua kwa mkopo, nakupunguzia 500,000, iwe 12,500,000. Unatoa 4,000,000, zinabaki 8,500,000 kwa miezi 24, riba "asilimia 2 tu" kwa mwezi. Ukiuliza vizuri utaambiwa riba hiyo inahesabiwa kwenye deni la mwanzo mpaka mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Ni 170,000 kila mwezi, na kwa miezi 24 ni 4,080,000. Gari litakuwa limekugharimu 16,580,000. Lile punguzo la laki tano lilikwisha mwezi wa tatu.

Sisemi mkopo ni haramu. Ukilazimika kukopa, uliza maswali mawili: riba inahesabiwa kwenye deni la mwanzo au kwenye salio linalopungua? Na jumla nitakayokuwa nimelipa siku ya mwisho ni shilingi ngapi? Asiyetaka kuandika jibu la swali la pili, muage kwa adabu.

Punguzo lilipo kweli

Kwanza, nendeni kwa wingi. Kama wanachama watatu wa AMCOS moja mnataka magari ya aina moja, ingieni yadi pamoja. Pembejeo tunanunua kwa pamoja na bei inashuka, na gari nalo ni bidhaa.

Pili, muuzaji akigoma kushusha bei, mwambie aongeze: matairi mapya, betri, kumwaga oili, gharama ya usajili. Fulana na kofia si punguzo.

Tatu, usinunue herufi. Watu wanaongeza pesa nyingi kwa sababu gari lina namba E. Namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haionyeshi lilitengenezwa mwaka gani. Lenye namba D lililotunzwa vizuri ni nafuu, na magunia hayasomi namba. Nenda na fundi wako, asiwe wa yadi.

Nne, likatae punguzo la "bila risiti". Kutodai risiti ya EFD ni kosa kwako pia, na siku ya ugomvi huna ushahidi kwamba ulilipa. Vilevile lipa kwenye akaunti yenye jina la kampuni, usitume kwenye simu ya mtu.

Wako watakaosema ukisubiri gari litapanda. Linaweza kupanda, kweli. Lakini miezi mitatu ya kuuliza bei haijawahi kumfilisi mtu, na madeni ya miezi 24 tunayaona kila kijiji: gari limerudishwa kwa muuzaji, mkorosho umewekwa rehani, na mwenye shamba anarudi kuuza kangomba mwezi wa nane ili alipe marejesho. Ulivyokataa kuuza korosho kwa haraka, kataa na kununua gari kwa haraka.

Mwenye hesabu ya yadi mkononi aniletee ofisini siku ya kliniki ya wakulima, tuipitie pamoja kabla hajasaini.