Spidi ya prosesa na wapiga kelele wa Block B

Najua nimepotea humu, test zimetukaba koo, lakini la jana usiku hosteli limenikera na sitalala nalo.

Jamaa wa Block B kanikuta na kale ka-Eee PC 701 kangu ka mtumba, kamefungwa Linux. Kauliza kanakimbia spidi gani. Nikamjibu 630 MHz. Alicheka mpaka vyumba vya jirani wakatoka. Eti nimepigwa, hiyo ni 900, fungua yote, nani anaendesha gari na breki ya mkono? Kabla sijajibu akarukia mwingine, huyu anajiita fundi: usiguse kabisa, mambo ya spidi siyo ya mtu wa kawaida, utaua mashine. Jana walinizidi kwa sauti. Leo nawajibu kwa maandishi.

Wewe uliyecheka: ni kweli, mashine hiyo ilipotoka 2007 prosesa yake, Celeron M, ilikuwa ya 900, ila BIOS ikaiendesha kwa 630. Lakini unajua kwa nini ni 630 hasa? Prosesa inachukua mapigo ya FSB, ile njia ya data kwenda kwenye memori, na kuyazidisha mara 9. Mapigo 100 yanakupa 900. BIOS iliyashusha hadi 70, piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo unaposema "fungua yote" unataka kuharakisha barabara nzima, na memori imo humo humo.

Walioandika eeepc-laptop, draiva iliyoingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2008, walilijua hilo. Waliweka faili linaitwa cpufv: unaandika namba, spidi inabadilika. Kwenye 1000H kuna ngazi tatu, kwenye 701 mbili tu. Halafu kwa 701 na 702 wakalifunga, na kerneli inakwambia wazi kwenye logi kwamba modeli hii haitambuliki rasmi kwa kubadilishiwa spidi, imefungwa isije ikayumba.

Hapo fundi wangu atapiga makofi. Subiri kwanza bwana mkubwa. Pembeni yake waliacha faili jingine, cpufv_disabled. Ukiwa root ukaandika 0 humo, kufuli linafunguka na onyo linaandikwa. Ukijaribu kuandika 1 ili ufunge tena, draiva inakukatalia! Mimi hapo ndipo nilipowavulia kofia. Wamekuonya, wamekupa ufunguo, kilichobaki ni chako na mashine yako. Nyie mafundi wa hosteli mnaficha ufunguo halafu mnatoza buku tano kwa kutikisa kichwa.

Na nilifungua, ndiyo. Ila sikuishia kusema "aisee inaruka". Nilichukua faili moja kubwa, nikalipiga md5sum mara 50 kwa 630, kisha mara 50 kwa 900. Jibu likibadilika hata mara moja, ujue memori inakudanganya na noti zako zitaharibika kimya kimya. Langu halikubadilika. Feni ndiyo ililia kama trekta, na kuandika ripoti hakukuwa kwepesi hata chembe kuliko mwanzo. Nikarudi 630.

Kwetu Nyarugusu kule Geita hili hawahitaji kufundishwa. Mjomba anasimamia karasha, lile pipa lenye gololi za chuma linalosaga mawe ya dhahabu. Kijana mgeni huwa anataka lizunguke mbio. Likizidi spidi yake gololi zinang'ang'ania ukutani, zinazunguka na pipa, jiwe linabaki jiwe na dizeli inaisha. Mjomba anasikiliza mlio tu, anajua.

Sasa niwe mkweli, kuna hoja nzuri ambayo jana hakuna aliyeitoa: prosesa ya mbio inamaliza kazi mapema ikalala, kwa hiyo huenda isile umeme zaidi. Kwa kazi fupi inaweza kuwa hivyo. Na nilipokuwa nasoma noti tu, tofauti kwenye betri ilikuwa ndogo kuliko nilivyotamba kwa rumeti wangu. Lakini mdogo wangu akiweka muvi mwanzo mwisho, hakuna kulala hapo. Na likizo nyumbani tuna paneli moja ya sola na betri moja, ndiyo taa ya mama, ndiyo simu za watu wanne. Kila wati ninayochoma kwa sifa inatoka kwenye taa ile. Hesabu hiyo ni yangu kuifanya, na haihusu vicheko vya Block B wala vitisho vya fundi.

Kwa hiyo wewe unayejigamba na 900 yako, niletee md5sum zako 50. Niko chumbani hadi saa nne usiku, kama umeme haujakatika.