Bunduki ya kuwinda: tupime bega kwanza

Kwetu Nyangwe, mutu akirudi kutoka karieri na feza kidogo mfukoni, anafikiri kwanza mabati ya nyumba, kisha masomo ya watoto. Ikibaki kitu, wanaume wengi wanafikiri kalibre 12. Hatusemi ni vibaya. Nyama ya sokoni iko bei, na nguruwe wa pori wanamaliza muhogo wa mama zetu usiku. Lakini ginsi tunavyoichagua hiyo bunduki, njo neno letu la leo.

Mara nyingi mnunuzi anauliza swali moja tu: “Inapiga nguvu?” Na muuzaji anajibu: “Hii, ikilia, utakaa chini!” Wote wanacheka, feza inatoka. Wandugu, hapo tunadanganyana. Mnyama hauawi na teke la bunduki. Teke linabaki kwako wewe, begani.

Na bega la mchimbaji njo mali yake. Karani akiumia bega, anaandika polepole na mshahara unaingia. Sisi, nyundo ikishindwa kupanda, siku hiyo hakuna kitu mezani. Mmoja wetu aliazima bunduki ya mkubwa wake, nyepesi, kitako kirefu kuliko mkono wake. Alipiga mara mbili. Kanga akaruka akaenda zake, na ndugu yetu akakaa siku nne bila kushuka shimoni, bega limevimba. Wenzake walichimba, yeye alihesabu deni la unga. Mama wa watoto njo aliyelipa ile risasi.

Sababu yake si uchawi. Risasi zikienda mbele, bunduki inarudi nyuma, na ikiwa nyepesi inarudi mbio zaidi. Kartushi ileile ukiipiga na bunduki ya kilo 2 badala ya kilo 3, teke linaongezeka nusu nzima. Ni kweli, bunduki nyepesi haichoshi njiani. Lakini uzito wa njiani unabebwa na mkanda mzuri begani. Teke halina mkanda.

Tuangalie pia kartushi. Kuna za gramu 28 za risasi, kuna za 32, kuna za 36. Kama mwendo ni uleule, kutoka 36 kushuka 28 kunapunguza teke karibu theluthi moja. Kwa kanga na simbiliki, 28 inatosha. Na tusome maandishi: bunduki yenye nafasi ya kartushi ya milimita 70 usiilishe ile ya 76, hata kama inaonekana kuingia. Hapo si teke tena, ni hatari ya kupasuka.

Kisha kitako, kitu ambacho karibu hakuna anayekitazama. Hakuna mchimbaji anayenunua nyundo bila kushika mpini. Sasa kwa nini tununue bunduki bila kuiweka begani? Hakikisha kwanza haina kitu ndani. Weka kitako kwenye kunjo la kiwiko: kidole kifike kwenye kifyatuo bila kujinyoosha. Kisha iweke begani na shavu likae juu ya mti. Kati ya pua na kidole gumba pabaki nafasi ya vidole viwili hivi. Kitako kirefu mno kinakwama kwapani na kupiga mfupa wa mkono. Kifupi mno, kidole gumba kinakupiga pua. Kikipinda sana kwenda chini, mdomo wa bunduki unaruka juu na mti unakupiga shavu. Na sehemu ya nyuma ikiwa nyembamba, teke lote linaingia mahali padogo, sawa vile kisigino cha kiatu cha harusi kinavyoingia kwenye udongo. Kitako kipana chenye mpira laini nyuma kinaligawanya.

Seremala mzuri anaweza kupunguza mti au kuongeza kipande na mpira. Kazi yake iishie kwenye mti, chuma asikiguse. Na zile bunduki za mabomba zinazotengenezwa uani, bei yake ni ndogo leo tu. Bomba la maji halikufanywa kwa baruti. Likipasuka, linachukua vidole na macho.

Kuna jambo kubwa kuliko bega. Mutu aliyepigwa vibaya na bunduki yake anaanza kuiogopa. Mara nyingine, kabla ya kufyatua, anafumba macho na kuvuta mkono. Risasi inapita pembeni: mnyama anakimbia na kidonda, afie porini bila faida ya mutu, ao mwenzako aliyesimama upande ule anaipata. Kwa hiyo, baba akimpa kijana wake wa miaka 15 bunduki iliyopimwa kwa mwili wa baba, hamfundishi uanaume. Anamfundisha kufumba macho.

Sisi wa Nyangwe tunajua bunduki ya kutisha ni nini. Tarehe 15 Julai 1871, kwenye soko letu kando ya Lualaba, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipiga bunduki ndani ya makutano, na mamia wakafa, wengi majini. Livingstone aliona kwa macho yake akaandika. Mlio wa namna ile ulikuwa wa kutisha watu. Mwindaji hana haja nao; anahitaji mkono uliotulia.

Mwisho, karatasi. Sheria ya 28 Mei 1982 inaomba ruhusa ya kuwinda, na ile ya 3 Septemba 1985 inaomba ruhusa ya kushika silaha. Katika Kasongo na Kabambare ya leo, mutu mwenye bunduki bila karatasi anaweza kuhesabiwa kuwa mutu mwingine kabisa.

Basi wandugu, siku ya kununua tuache kuuliza kama inalia sana. Tuipime kwanza, tuiweke begani, tuulize uzito wake. Na wewe mama, feza ikitoka nyumbani kwa kazi hiyo, uliza: “Umeipima?” Una haki. Bega lile linalisha watoto wako pia.