MAJI YA ZIMAMOTO



Kila nyumba inapoungua twasikia neno lile lile: "Zimamoto wamekuja, lakini hawana maji." Watu hucheka, wengine hutukana, na wapo hata wanaookota mawe. Mimi naona lawama hii yapelekwa kwa mtu asiyestahili.

Na tupige hesabu kama tufanyavyo darasani. Gari likichukua lita 5,000, na mpira mmoja ukatoa lita 500 kwa dakika, maji yote yatakwisha kwa dakika 10. Baada ya hapo askari lazima wapate mahali pa kulijaza tena. Kama mahali hapo hapapo karibu, hata askari hodari atafanya nini? Huenda huyo asemaye gari lilikuja tupu amelikuta limekwisha kumwaga maji yake.

Kuweka maji karibu si kazi ya askari mwenye kofia ya chuma. Ni kazi ya wakubwa wa nchi. Zamani vikosi vya kuzima moto vilikuwa chini ya halmashauri za miji. Sheria ya mwaka 2007 ilivikusanya vikawa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hilo ni jambo jema. Lakini mabomba ya maji ni ya mamlaka za maji, na upimaji wa viwanja ni wa halmashauri. Serikali haina budi kuwaketisha wote pamoja, na kuagiza kwamba viwanja visipimwe, mjini wala kijijini, pasipo kutengwa mahali pa maji ya kuzimia moto.

Huku kwetu Saadani twalihitaji jambo hili sana. Gari likitoka mjini, hata dereva akijitahidi vipi, paa la makuti halisubiri. Katika Hifadhi ya Taifa, wahifadhi huchoma nyasi mapema ili moto mkubwa wa kiangazi usipate cha kula. Basi na kijiji kijitayarishe mapema: kiwe na tangi la maji, na vijana waliofundishwa na Jeshi lenyewe.

Mabweni yetu pia yasisahauliwe. Mwaka 1994 moto uliua wasichana wengi katika bweni la Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Hao walikuwa wanafunzi kama sisi.

Tena askari apewe mavazi yasiyoshika moto, chombo cha kupumulia, na matibabu akiumia. Aingiaye motoni kumtoa mtoto wa mwenziwe astahili kutunzwa na nchi nzima.

Nasi raia tuna wajibu: tupige 114 mara moja, tusizibe njia, na tumwonyeshe askari maji yalipo. Wazee husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kuuzima nako kwataka mikono mingi, lakini mkono wa Serikali lazima utangulie.