DAWA YA NYUZI HAISHONI KAPTULA



Juma hili hatuandiki habari za mbegu wala za mizani. Tunaandika habari za kaptula.

Kama tunavyojua sote, kikundi chetu cha cherehani kilipewa na wazazi kazi ya kushona sare za watoto wa shule. Kazi ilitoka mapema, tukasifiwa, tukafurahi. Lakini baada ya kufuliwa mara tatu nne, sare zikaanza kurudi ofisini moja moja. Nyuzi zinachomoka, mishono imeachia. Mtoto mmoja alirudi nyumbani saa nne asubuhi, kaptula kaishika nyuma kwa mikono miwili. Wenzake walimcheka. Sisi hatucheki.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo tuseme wazi. Mafundi wetu walinunua mjini gundi ya maji, ile inayopakwa kwenye ukingo wa kitambaa ili nyuzi zisichomoke. Hapa wameibatiza jina la dawa ya nyuzi. Katika haraka ya kumaliza, wakaacha kupiga ovaloki, wakapaka dawa tu. Tena wakapunguza kitambaa cha kuachia pembeni mwa mshono, eti dawa itashika. Haikushika.

Sasa kijijini yanasemwa mambo mawili. Wengine wanasema dawa ile ni utapeli, itupwe. Wengine wanasema kikundi kivunjwe, sare zikanunuliwe mjini. Sisi hatukubaliani na wote wawili.

Hebu tuangalie jambo lenyewe. Kitambaa ni nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio zilizopishana. Ukikata, uzi wa mwisho pembeni haushikwi na kitu, unatoka. Ukitoka huo, wa pili nao unabaki bila mlinzi. Ndiyo maana hata khanga ya doti, ukishaikata mbili, unaipinda. Dawa ya nyuzi hupenya katikati ya nyuzi hizo, ikikauka inazigandisha pamoja. Kazi yake ni hiyo tu. Haiunganishi vipande viwili vya nguo. Mtoto akiruka au akichuchumaa, anayebeba uzito ni mshono. Na mshono ulioachiwa kitambaa chembamba pembeni lazima utachomoka, hata ukipaka chupa nzima.

Kwa hiyo dawa si utapeli. Ilipewa kazi isiyo yake. Kazi zake ni zile ndogo ambazo sindano inapata taabu: tundu la kifungo, kona ya mfuko iliyokatwa ndani, ncha ya utepe, fundo la mwisho la uzi. Hapo inasaidia sana.

Anayeitumia afuate haya:

1. Ajaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha kitambaa hicho hicho, maana huweza kuacha doa au kubadili rangi.

2. Apake kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti, ukingoni tu. Ikizidi, ukingo unakuwa mgumu na kumkwaruza mtoto.

3. Aiache ikauke kabisa, nusu saa au zaidi, kabla ya kukunja, kufua au kupiga pasi.

4. Asifanye kazi hiyo karibu na moto. Baadhi ya dawa hizi zina spiriti, zinashika moto. Hata rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo baadhi ya akina dada wanaitumia badala yake, inawaka haraka. Pasi ya mkaa na koroboi vikae mbali.

5. Gundi nyeupe ya karatasi za shule isitumike. Nyingi huyeyuka nguo ikifuliwa.

Na wale wanaopitisha ukingo kwenye mshumaa wajue kwamba tetroni huyeyuka na kuganda, lakini pamba huungua. Usichome usichokijua.

Asiye na chupa naye asiseme hana la kufanya. Aache nusu inchi au zaidi pembeni mwa mshono, apige zigizaga au akunje mara mbili na kushona, na pasipo mashine azungushe kwa sindano ya mkono. Hiyo ndiyo kazi waliyotufundisha mama zetu, nayo inadumu.

Lakini tusiwatupie mafundi mzigo wote. Nani aliyewaambia waharakishe? Ni sisi kamati. Tunawalipa kwa idadi ya nguo, hatuulizi ndani ya nguo kuna nini. Fundi anayekunja mishono vizuri amepata fedha kidogo kuliko anayepaka na kutupa kwenye rundo. Kumbe sisi wenyewe tulikuwa tunalipia ubovu.

Basi tunapendekeza hivi. Sare zote zilizoharibika ziletwe ofisini Jumamosi, zitatengenezwa bila malipo. Iliyoishiwa kitambaa ishonwe nyingine, na gharama ibebwe na mfuko wa ushirika, siyo na mzazi wala na fundi peke yake. Kuanzia sasa kila nguo igeuzwe ndani nje mbele ya mtunza stoo kabla ya kuandikwa daftarini. Na katika mkutano ujao tuzungumzie malipo: nguo iliyokunjwa vizuri ilipwe zaidi, hata kama bei ya sare itapanda kidogo.

Akina mama wa kikundi kile wanasomeshea watoto wao kwa cherehani zile. Tukiwavunja kwa kosa moja tutakuwa tumekata kitambaa bila kupinda, na watakaofuata kuchomoka ni sisi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuonane Jumamosi, na kaptula mkononi.

Kamati ya Gazeti la Ukutani