Kwa gari la Kalinzi, matairi kwanza

Winchi na taa za juu ya keria zisubiri. Mwenye gari wa Kalinzi hushuka Kigoma mjini kwa lami ya Manyovu bila shida. Kazi huanza akikata kona kuelekea mashamba ya kahawa na migomba. Udongo mwekundu ukilowa hujaa kwenye kashata za tairi, na fowili huzungusha magurudumu yote manne palepale.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye matairi ya mchanganyiko, ya lami na vumbi, yenye mifereji mipana inayotema tope. Yale ya matope matupu huvuma mno kwenye lami na kuisha mapema. Zifuate geji na pampu ya betri: upepo ukishushwa kutoka PSI 35 hadi 20 hivi, tairi hukanyaga eneo kubwa zaidi. Ujazwe tena kabla ya kurudi lamini.

Halafu ndoano madhubuti ya kuvutia gari likikwama. Kijicho chembamba chini ya magari mengi ya Japani ni cha kufungia gari melini. Kikivutwa kwa nguvu hung'oka na kuruka kama risasi.

Kunyanyua springi? Kwa miteremko ya Kalinzi, gari refu huyumba zaidi.