Tamko Kuhusu Wasanii Wanawake Waliohama na Kazi Zao

Sisi wanachama wa chama cha wachoraji, wachongaji na wafinyanzi wanawake wa Afrika Mashariki, tunatoa tamko hili kwa serikali zetu, makumbusho, vyombo vya habari na wananchi wote.

Mwanamke aliyehama anapopata tuzo ughaibuni, mjadala huishia kwenye swali moja: ni wa kwetu au wa kwao? Kazi yenyewe haitazamwi. Mchoraji Lubaina Himid, kwa mfano, alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga baada ya kufiwa na baba. Mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza. Miongoni mwa kazi zake zimo picha zilizopangwa kama kanga, zenye pindo, mji na maneno yake. Hakukulia Unguja, lakini kanga imo.

Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusoma. Huko ndiko alikoanza kufinyanga, na kiu ya kuujua udongo ikamrudisha barani, hadi mji ulioitwa Abuja wakati huo (leo Suleja), Nigeria, alikojifunza kwa wafinyanzi wanawake wa Kigbari. Hatumii gurudumu. Huupandisha udongo kwa mkono, akaukwangua, akausugua mpaka ung'ae. Ukichomwa mara ya kwanza, chungu hutoka chekundu; kikirudishwa tanuuni penye hewa haba, huwa cheusi. Nchi tatu zimekutana katika chungu kimoja, wala hakuna iliyoifuta nyingine. Nasi tunaona uchungu kwamba ufinyanzi wa mama zetu, unaouzwa kando ya barabara, bado haujapewa heshima yake katika vyuo vyetu vya sanaa.

Wangechi Mutu naye, aliyetoka Nairobi, mwaka 2019 aliwaketisha wanawake wanne wa shaba katika vishubaka vya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, vilivyokaa vitupu tangu mwaka 1902.

Kwa hiyo tunakataa kauli kwamba aliyehama amepoteza asili. Tunakataa vilevile kumdai awe balozi wa taifa katika kila anachochora.

Hapa lazima tujitazame na sisi. Wanawake kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Sudan Kusini wanadarizi, wanasuka na kuchora katika kambi na mitaa yetu. Tukiwauliza kitambulisho cha taifa kabla ya kutazama kazi zao, tutakuwa na haki gani ya kuilaumu London ikiwauliza wasanii wetu swali hilohilo?

Tunazitaka wizara zinazohusika na utamaduni zitenge fedha za kununua kazi za wasanii waliohama, ili watoto wetu wazione hapa nyumbani. Tunayataka mashindano na maonyesho yote ya sanaa yafungue milango kwa wakimbizi na wahamiaji wanaoishi katika nchi zetu. Chama chetu kinaanza: kuanzia leo, uanachama hautadai uraia.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote.