Damu Yetu Isisomwe kwa Kipimo cha Wengine



Mpendwa msomaji, mtoto akizaliwa na ugonjwa usioeleweka, hapa Bigwa kama penginepo, minong'ono huanza: ukoo wa mama una mkosi, au baba amevunja mila. Sisi wauguzi tunawaona akina mama wakibeba lawama hiyo pamoja na mtoto mgongoni. Siku hizi ipo njia ya kutafuta jibu la kweli, ingawa hospitali zetu nyingi bado hazina. Lakini njia hiyo ina kasoro, na familia zetu zinaweza kusaidia kuirekebisha.

Ugonjwa wa kurithi hutokana na kosa katika vinasaba tulivyopewa na baba na mama. Kati ya hivyo, sehemu kama asilimia 1 hadi 2 tu ndiyo yenye maagizo ya kutengeneza protini za mwili. Wataalamu huiita eksomu. Damu kidogo ikichukuliwa, mashine huisoma sehemu hiyo katika mamilioni ya vipande vidogo.

Hapo kazi huingia kwenye kompyuta, ambamo programu kadhaa hupokezana. Ya kwanza huondoa vipande vilivyosomwa vibaya. Ya pili huvipanga kwa kufuata nakala ya mfano ya vinasaba vya binadamu. Ya tatu huandika kila mahali mgonjwa anapotofautiana na mfano, na tofauti hizo hufika makumi ya maelfu. Ya mwisho huzichambua kama mama achambuavyo mchele: tofauti iliyo kwa watu wengi wenye afya huwekwa kando, na iliyo adimu hushukiwa.

Lakini hao "watu wengi" ni akina nani? Orodha kubwa zinazotumika zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Hivyo jambo la kawaida kwa Mluguru laweza kuonekana adimu, likashukiwa bure. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye asili ya Afrika waliwahi kuambiwa wana kasoro ya vinasaba inayonenepesha misuli ya moyo, kumbe tofauti zile ni za kawaida kwa watu weusi wenye afya. Fikiria hofu iliyoingia katika nyumba hizo!

Waafrika hawakukaa kimya. Mpango wa H3Africa ulioanza mwaka 2012, ambao wataalamu wa Muhimbili walishiriki, ulifundisha vijana wetu kazi hii ya kompyuta. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba vinasaba vya Waafrika 426 wa makundi 50 vilitoa tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazijawahi kuandikwa popote.

Maoni yangu ni haya. Najua habari za mumiani bado zinasimuliwa vijijini. Hata hivyo, mtafiti mwenye kibali akikuomba damu, usikimbie. Wala usitie sahihi kabla ya kuelewa. Muulize: damu itatumika kwa kazi gani? Nani ataitunza? Majibu yatarudi kwetu? Una haki ya kukubali, na una haki ya kukataa. Nao watafiti wasichukue damu wakapotea. Wakirudisha majibu, mama wa kesho ataambiwa ukweli juu ya mtoto wake, na lawama itakoma.